Barua ya wazi kwa Afisa Kilimo wetu: vua viatu uingie jarubani

Ndugu Afisa Kilimo,

Salaam. Nakuandikia kutoka bonde la Lukuledi, huku Lindi, kwenye majaruba uliyoyatembelea mwezi wa pili kuona gugu lililotuvamia. Tulikukaribisha madafu chini ya mwembe, ukaahidi kurudi na mtaalamu "ndani ya wiki mbili". Huu ni mwezi wa tano. Madafu yameshakuwa nazi.

Ningeendelea kusubiri, maana kusubiri tumezoea. Lakini Jumanne kijana wa ofisini kwako alifika kwa bodaboda, akasimama barabarani tope lisimguse, akapiga picha mbili, akasema, "Mama, hizo ni nyasi tu, palilieni."

Kweli ni nyasi. Hata mpunga ni nyasi, ndugu yangu, na mahindi, na mtama, na miwa, na mianzi. Ukoo mmoja. Shida yenyewe ndiyo hiyo.

Huu ni mpunga mwitu. Ukiwa mchanga huwezi kuutofautisha na ule niliopandikiza mgongo ukiniuma. Unajitambulisha ukishatoa masuke: ndevu ndefu, na punje zinapukutika ukizigusa tu, mundu haujafika. Nimeng'oa shina moja, nikalifuata kwa vidole topeni. Chini kuna kamba nyeupe yenye vifundo, na vifundo vinachipua. Ukiikata kwa jembe umeupanda upya. Dawa ya magugu ya majani mapana haiugusi, na ile inayoua kila kitu itaniulia na mpunga wangu.

Mimi nashuku uliletwa na pawatila ya kukodi, lile trekta dogo la mkono, iliyokuja na matope ya ng'ambo kwenye meno yake. Niliilipia kwa hela ya korosho, Mungu anisamehe. Jirani anasema ni mbegu. Mama mkwe anasema ni maji ya mfereji. Mwenye mshahara wa kujua ni wewe.

Nilimtumia picha binti yangu anayesoma kilimo Morogoro. Anasema unaelekea kuwa Oryza longistaminata, mwenyeji wa Afrika hii hii. Mpunga unaolimwa duniani, anasema, ni wa aina mbili tu, Oryza sativa wa Asia na Oryza glaberrima wa Afrika Magharibi. Ndugu zao wa porini ni kama 20. Tena huyu mwitu, aliyechukuliwa Mali, ndiye aliyewapa watafiti jeni ya Xa21, inayokinga mpunga na ugonjwa wa bakteria wa kukausha majani. Mwaka 1995 wakaichambua hadi wakaijua ilivyo. Nilicheka peke yangu jarubani. Wenzetu wanaufungia safari, wewe unashindwa kushuka kwenye bodaboda!

Ekari yangu ilikuwa inanipa magunia 14. Msimu uliopita nilipura 6. Msimu huu naamia ndege kutwa nzima, na sijui naamia mpunga gani. Ada ya mdogo wake binti inasubiri magunia hayo hayo.

Siombi mbolea. Siombi semina wala fulana. Naomba uje. Uje wewe, si picha. Uvue viatu, uingie, nikuonyeshe hiyo kamba. Na uje kabla haujapukutika wote, maana ukishapukutika utakuta masuke matupu, utaandika kwenye ripoti kwamba tatizo limekwisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa jaruba la tatu kutoka mfereji mkuu