Malalamiko kuhusu seti ya kubadilishia bunduki inayodai kutumia "risasi zote za .22 LR"

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MAELEZO YA KUPOTOSHA KUHUSU RISASI ZINAZOFAA

Ndugu Meneja,

Nilinunua kwenu seti ya kubadilishia bunduki ya AR-15 ili itumie risasi ndogo za .22 LR badala ya risasi zake za kawaida, zenye nguvu zaidi, za .223. Bolti (kipande kinachoziba nyuma ya mtutu na kurudi nyuma kila risasi inapopigwa), springi na magazini vilifika salama, na kuhusu ufundi wa chuma chenyewe sina neno. Ninalolalamikia ni sentensi moja iliyochapishwa kwenye boksi na kurudiwa katika kijitabu: "Hutumia risasi zote za .22 LR." Si kweli, na ninyi mliopima uzito wa bolti na kuchagua springi yake mnajua kuwa si kweli.

Kwa kuiamini sentensi hiyo nilinunua risasi za mwendo wa chini, zile tulivu wanazozipenda walenga shabaha. Bunduki haikumaliza hata magazini moja bila kukwama. Ganda tupu lilibanwa kwenye mlango wa kutolea maganda, nusu ndani nusu nje, au bolti ilirudi nusu njia ikashindwa kuokota risasi inayofuata. Nilipowaandikia, mlinijibu kwa mstari mmoja: "Jaribu aina nyingine ya risasi." Aina ipi? Kama zote zinafaa, kwa nini nijaribu nyingine?

Jibu mlilopaswa kunipa si gumu. Bunduki hii ikiwa katika hali yake ya asili, gesi ya baruti hupita kwenye tundu la mtutu na kwenda kuisukuma bolti. Seti yenu haiutumii mfumo huo. Bolti inarudishwa na ganda lenyewe linapopigwa kinyumenyume na mlipuko, na ganda la .22 LR ni dogo, lina baruti kiduchu. Kwa hiyo risasi ni sehemu ya mtambo. Risasi yenye kichwa (sehemu inayoruka) cha greini 40, yaani gramu 2.6 hivi, ikitoka kwa mita 320 au 330 kwa sekunde, haina msukumo wa kutosha kuishinda springi mliyoweka. Ya uzito uleule inayokwenda mita 370 na zaidi inaisukuma bolti hadi mwisho. Niliponunua hizo za mwendo wa juu kwa fedha yangu, bunduki ikatulia. Tofauti hiyo ilistahili mstari mmoja kwenye boksi.

Neno "zote" lina hatari upande wa pili pia. Mtu aliyechoshwa na kukwama atakwenda kununua zile nyepesi zenye kasi kupita kiasi, zinazokaribia mita 500 kwa sekunde. Baadhi yake zina ganda refu kuliko la kawaida, na hazifai kwa kila chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Bolti yenu nayo haijifungi kwa kufuli. Inazuiwa na uzito wake na springi tu. Ikirudi mapema wakati shinikizo bado liko juu, ganda jembamba la shaba linaweza kupasuka karibu kabisa na uso wa mpigaji. Ni nani katika ofisi yenu aliyeidhinisha neno "zote" akiwa na hilo akilini?

Kijitabu hakisemi lolote kuhusu umbo wala ngozi ya kichwa cha risasi. Vichwa vya mviringo vinapanda kwa urahisi kutoka kwenye magazini yenu. Vile bapa vyenye tundu pana mbele hunasa kwenye mdomo wa chemba. Vichwa vya madini ya risasi matupu, vilivyopakwa nta, huacha masizi, nta na chembe za madini ndani ya mtutu na kwenye lile tundu la gesi, ambalo mwenye bunduki atalihitaji siku atakaporudi kwenye .223. Vilivyopakwa shaba nyekundu vinapunguza uchafu huo. Fundi yeyote wa bunduki angewaambia haya bure.

Tangazo lenu linaonyesha matundu yaliyosongamana kwenye karatasi ya shabaha kana kwamba ni tundu moja. Mitutu ya .22 LR kwa kawaida ina mfuo (mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa cha risasi) unaozunguka mara moja kwa kila inchi 16. Mitutu mingi ya AR-15 huzunguka mara moja kwa kila inchi 7 hadi 9, kwa ajili ya vichwa virefu na vizito zaidi. Tena, kichwa cha .22 kinaruka nafasi tupu ndani ya chemba yenu kabla ya kukamata mfuo, na hayo yote hupunguza usahihi. Kwa mazoezi ya karibu inatosha kabisa, nami sikununua kwa ajili ya mashindano. Lakini picha ile ni ya bunduki nyingine.

Kuna jambo moja ambalo nisingependa lingoje majibu ya barua hii. Fataki ya risasi hizi, yaani kemikali inayowasha baruti, imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na pengine haikusambaa sawasawa, ndiyo maana zinagoma (hazilipuki zikipigwa) mara nyingi kuliko za fataki ya katikati. Kijitabu chenu, ukurasa wa utatuzi wa matatizo, kinasema risasi ikigoma "vuta bolti na uendelee". Risasi iliyogoma inaweza kuchelewa tu kuwaka. Mpigaji anatakiwa aelekeze mdomo wa bunduki kwenye shabaha, asubiri angalau sekunde 30, ndipo afungue. Ondoeni maelekezo hayo leo.

Ninadai mnirudishie gharama ya risasi nilizonunua kwa kufuata maandishi yenu. Risiti na picha za maganda yaliyobanwa nimeambatanisha. Pia nataka orodha ya maandishi ya uzito, kasi na umbo la risasi mlizozijaribu wenyewe kwenye seti hii, na itumwe kwa kila aliyeinunua. Nitasubiri siku 14 tangu mpokee barua hii, kisha nitalipeleka suala hili kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji.

Wenu,

Mteja (jina na namba ya risiti vimo kwenye kiambatisho)