Mutamaiyu si mkaa tu

Mhariri,

Naishi karibu na msitu wa Burguret, upande wa Nanyuki. Usiku bodaboda hupita na magunia ya mkaa wa mutamaiyu, mzeituni wetu wa mwituni, na kila yakipita roho inaniuma.

Juzi nilipasua tunda lake moja kwa ukucha. Halizidi punje ya njegere, na ndani alijikunja funza mweupe wa inzi wa zeituni. Kuna nyigu mdogo sana, Psyttalia lounsburyi, anayetoboa ganda la tunda na kutaga yai ndani ya funza. Mtoto wake humla funza huyo akiwa hai. Nyigu hao walitolewa Kenya wakapelekwa California kupambana na inzi huyo anayeharibu zeituni, aliyeonekana huko mwaka 1998. Ufaransa nao walijaribu wa Kenya na wa Afrika Kusini, ambao jeni zao zinatofautiana.

Nyigu wakifugwa maabara vizazi vingi huishia kuzaana ndugu kwa ndugu, utofauti ukapungua. Damu mpya itatoka wapi kama si kwenye miti hii?

Naomba walinzi wa misitu wakague barabara zetu usiku, si mchana pekee.

Mkulima, Nanyuki