Barua kwa mpwa wangu aliyeko Rajkot: hayo "mahekalu tu"

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku Tanga hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua lakini ulimi mzima, na kila jioni anauliza kama huko mnapata samaki. Hofu ni kwako wewe uliye ugenini.

Juzi nilikuuliza kuna nini cha kutazama upande huo ulipo, ukanijibu, "Mahekalu tu, mjomba." Hiyo "tu" imenikaa kooni wiki nzima kama mwiba wa changu. Nimeamua kukujibu hapa mbele za watu, kwa kuwa vijana wetu wanaokwenda Gujarat, India, kusoma siku hizi si haba, na wazee wanaopelekwa huko kutibiwa vilevile, na nahisi wengi wanarudi na jibu kama lako.

Unajua nilisoma hapohapo Rajkot. Usichokijua ni kwamba likizo zote sikuwa na nauli ya kurudi nyumbani. Wenzangu wakiondoka, mimi napanda basi la serikali, lile la viti vya chuma, nakwenda popote linapokwenda. Ndivyo nilivyoizunguka Saurashtra, rasi yote hiyo uliyomo, ambayo wazee wa Kihindi wa madukani wa utotoni mwangu waliiita Kathiawar. Wao wenyewe walikuwa wametoka huko, au Kutch ya jirani. Walikuja na kaskazi katika kotia zao, wakirudi wanarudi na kusi, na walipokuja walituachia bima, hundi, bangili na bajia. Dini yao tu ndiyo hatukuiuliza. Tulipita mbele ya hekalu lao, tukasikia kengele, tukaenda zetu mpirani.

Anza na Somnath. Panda treni ya Veraval, shuka mwisho wa reli, kisha bajaji mpaka Prabhas Patan. Hekalu liko ukingoni mwa bahari kabisa, na Wahindu wanalihesabu la kwanza katika yale kumi na mawili ya Shiva, mmoja wa miungu wao wakuu, wanayoyaita Jyotirlinga. Lakini kabla hujatazama jengo, tazama maji. Al-Biruni, mwanachuoni aliyeishi chini ya himaya ya Sultani Mahmud wa Ghazni, aliandika katika kitabu chake juu ya India kwamba jina lenyewe limetokana na maji kujaa na kupwa. Soma ni mwezi, nath ni bwana. Maji yakijaa yakalifikia jiwe lao la ibada, walisema ni mwezi umekuja kumwosha bwana wake. Mtu wa Ghazni, mbali na pwani, ilibidi aelezwe. Wewe uliyekulia kwenye bamvua na maji mafu huhitaji kuelezwa na mtu.

Na huyohuyo Al-Biruni anaeleza kwa nini Somnath ilivuma kuliko mahali pengine. Ilikuwa bandari ya mabaharia, anasema, kituo cha waliokuwa wakienda na kurudi baina ya China na Sofala ya nchi ya Zanji. Zanji, mpwa wangu! Huku kwetu. Miaka elfu moja iliyopita mtu aliyetaka kueleza umaarufu wa hekalu hilo alilazimika kuitaja pwani ya Afrika. Mimi niliyasoma hayo maktaba, siku ya mvua, nikafunga kitabu nikatoka nje nisimame kidogo.

Habari ya Mahmud utaisikia tu, hata usipouliza. Alikuja mwaka 1026, akalivunja, akachukua mali. Mfalme Kumarapala akalijenga upya mwaka 1169. Jeshi la Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, likaja 1299. Aurangzeb, mfalme wa Wamughal, naye akatoa amri zake za kulibomoa baadaye. Malkia Ahilyabai Holkar akajenga hekalu dogo pembeni mwaka 1783, bado lipo, na ukiniuliza mimi ndilo lenye utulivu. Hili kubwa unaloliona leo ni jipya. Novemba 1947, baada ya nawab wa Junagadh, mtawala wa eneo hilo, kukimbilia Pakistan, Sardar Patel, naibu waziri mkuu wa India, alisimama pale akatangaza litajengwa tena. Rais Rajendra Prasad alikwenda kulizindua tarehe 11 Mei 1951, ingawa waziri mkuu wake, Nehru, hakupenda rais wa nchi isiyofuata dini moja ajiingize katika shughuli ile. Ubishi huo haujaisha mpaka leo, na mgeni usiuingie. Ukiulizwa, sema chai ni nzuri.

Habari ambayo hutasimuliwa na dereva wa bajaji ni ya mwaka 1264. Mwaka huo, nahodha mmoja wa Hormuz, Nuruddin Firuz, alipata kiwanja katika mji huohuo wa Somnath akajenga msikiti. Wakubwa wa mji, na kuhani wa Shiva akiwemo, waliridhia. Maandishi yalichongwa kwenye mawe kwa Kiarabu na kwa Kisanskriti. Yale ya Kisanskriti yanamtaja Mungu kwa jina la Bwana wa Ulimwengu, na yanautaja mwaka kwa kalenda nne, ya Hijria ikiwa mojawapo. Msikiti uliwekewa wakfu wa maduka na kinu cha mafuta, na kitakachobaki kipelekwe Makka na Madina. Yaani karne mbili na zaidi baada ya Mahmud, watu wa mji ule ule walikaa chini na nahodha Mwislamu wakapimiana ardhi. Biashara ilikuwa na manufaa yake, sisemi walipendana tu. Lakini jiwe lipo. Vurugu zina wasimuliaji wengi, jiwe lile lina wachache.

Sasa adabu. Mkanda wa ngozi uache chumbani. Simu na kamera zinaachwa nje kwenye makabati, wala usijaribu ujanja. Tangu 2015 uongozi wa hekalu unataka asiye Mhindu aombe ruhusa ofisini kwanza. Mwanzoni nilichukia niliposikia, halafu nikakumbuka milango mingapi sisi wenyewe tunamwekea mgeni masharti. Omba ruhusa. Wakikubali ingia, simama nyuma, vaa nguo ya heshima. Hukwenda kusujudu, umekwenda kutazama, na wenye nyumba wanaijua tofauti. Wakikataa, zunguka upande wa bahari. Kuna nguzo yenye mshale, na maandishi yake yanadai kwamba kutoka hapo ukinyoosha kusini hakuna nchi kavu hadi ncha ya kusini ya dunia. Kila mtu anatazama mshale unakoelekea. Wewe geuza shingo kulia kidogo, kusini magharibi. Ndiko tuliko.

Ukirudi, shukia Talala. Kwa watu wengi Talala ni embe za kesar, na kama ni msimu wake usiniandikie barua, nitaumia. Lakini jirani yake kuna kijiji cha Jambur, cha Wasidi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika. Wengi ni Waislamu, lugha yao ni Kigujarati, na mlezi wao wa kiroho ni walii wanayemwita Nagarchi Pir, yaani mpiga ngoma. Wanapocheza, uchezaji wenyewe wanauita goma. Nilipomwambia mzee mmoja pale kwamba sisi tunasema ngoma, alirudia neno mara tatu polepole kama mtu anayejaribu kiatu. Si hekalu, najua, na nimetoka njiani. Ila usipite.

Girnar ni habari ya magoti. Mlima uko Junagadh, vilele kadhaa, na ngazi za mawe ambazo watu wanazitaja kwa mkupuo kuwa elfu kumi. Katikati kuna mahekalu ya Wajaini, watu wa dini nyingine ya kale ya India, na la Neminath, mmoja wa walimu wao wakuu, ndilo kubwa. Juu yake hekalu la Amba Mata, mungu wa kike wa Wahindu, halafu kilele cha Gorakhnath, na mbali kabisa Dattatreya, ambapo hekalu ni dogo na upepo ni mkubwa. Mimi nilianza saa tatu asubuhi, mwezi wa nne, na viatu vya kwendea disko. Wenyeji huanza usiku wa manane na taa mkononi. Mimi nilidhani ni ushabiki wa dini, kumbe ni akili. Pale chini kuna wachukuzi wa doli, kiti kinachoning'inizwa kwenye mti na kubebwa mabegani, na bei ni kwa uzito. Wakakutazama, wakakupandisha kwenye mizani mbele za watu, kama gunia la mkonge. Mjomba wako alikataa kupimwa. Akapanda kama ngazi elfu nne hivi, akafika kwa Wajaini, akakaa kivulini na hakuinuka tena isipokuwa kuteremka. Tangu Oktoba 2020 kuna vibanda vinavyoning'inia kwenye waya vinavyokufikisha mpaka Amba Mata, kwa hiyo huna kisingizio, ingawa nitakudharau kidogo.

Kabla hujaanza kupanda, njiani kutoka mjini, kuna nyumba ndogo iliyojengwa kulifunika jiwe moja kubwa. Watu wanalipita wakikimbilia mlima. Usilipite. Limechongwa amri za mfalme Ashoka, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na mojawapo inasema anayeisifu dini yake kwa kuikashifu ya mwenzake anaiumiza ya kwake. Juu ya jiwe hilohilo mfalme mwingine, Rudradaman, akaja kuandika mwaka 150 habari za ukarabati wa bwawa lililobomolewa na dhoruba. Nikapenda hivyo: usia wa imani na taarifa ya bwawa, jiwe moja. Na kama utakuwapo baada ya Diwali, mwezi wao wa Kartik, utawaona maelfu kwa maelfu wakiuzunguka mlima kwa chini, kilomita 36 za msitu wenye simba, wakipika na kulala njiani.

Dwarka ni mbali, magharibi kabisa, nchi inapoishia. Ni moja ya pembe nne za hija ya Wahindu wa India nzima, mji wa mungu wao Krishna, ambao wanaamini wa awali ulimezwa na bahari. Hekalu lina orofa tano juu ya nguzo 72. Kilichonishika mimi ni bendera. Inabadilishwa mara kadhaa kila siku, kitambaa cha gaj, yaani yadi, 52 chenye picha ya jua na mwezi, na kijana anapanda mpaka juu kuifunga huku umati chini umeshika pumzi. Familia zinangoja zamu yao ya kutoa bendera moja. Kutoka hapo mimi nilikwenda kisiwa cha Bet kwa mashua kutoka Okha, tumebanana kama dagaa. Nyinyi mna daraja, lilifunguliwa Februari 2024. Nendeni kwa gari, mtakosa matapishi na mtakosa utamu.

Porbandar ipo njiani, na hekalu la Sudama. Huyu alikuwa rafiki wa Krishna wa utotoni, fukara. Mkewe akamsukuma aende Dwarka akaombe msaada. Akafunga konzi ya mchele wa kupondwa kwenye kitambaa, na alipoyaona majumba akaona haya kuutoa. Krishna akamnyang'anya akautafuna kwa furaha. Sudama akaondoka bila kuomba chochote, akakuta kibanda chake kimekuwa jumba. Mji huohuo ndiko alikozaliwa Gandhi, na aliyejenga Kirti Mandir, jengo la kumbukumbu yake, kando ya nyumba ya wazazi wake ni Nanji Kalidas Mehta, mwenye mashamba ya miwa ya Lugazi, Uganda. Kwa hiyo sukari ya Afrika Mashariki imo ndani ya kuta zile.

Nimeiacha Virpur mwisho ingawa ndiyo iliyo karibu nawe kuliko zote, barabara ya Junagadh, asubuhi moja inatosha. Unamkumbuka yule mzee wa kwenye picha, kilemba cheupe na bakora, juu ya meza ya fedha katika kila duka la Walohana, wale Wahindu wafanyabiashara wa Kigujarati? Nilikuwa nikidhani ni babu wa mwenye duka. Ni Jalaram Bapa, aliyezaliwa hapo Virpur mwaka 1799 na kufa 1881. Alikuwa mtu wa duka naye, akaacha, akaanza kulisha wapita njia. Nyumba yake inalisha mpaka leo, bila kuuliza dini wala kabila, na tangu mwaka 2000 hawapokei mchango wowote. Ukitoa noti unarudishiwa. Mimi mwanafunzi mwenye njaa niliingia, nikakalishwa sakafuni kwenye mstari, nikawekewa ganthia na bundi, vitafunwa vya unga wa dengu, na mtu aliyenipakulia hakunitazama hata rangi. Nilikwenda Virpur mara kumi na moja. Mara kumi za mwisho haikuwa utalii.

Basi, anza Jumapili hii na Virpur, ukale. Halafu Somnath, na ukifika usinitumie picha ya jengo, picha hizo ninazo. Kaa ukutani upande wa bahari, niandikie saa maji yanapojaa. Mimi nitateremka ufukweni Raskazone siku hiyohiyo nitazame ya kwetu.

Mjomba wako,
Tanga