Mshahara mdogo hauleti kiwanda

Mhariri,

Kila mjadala wa kima cha chini unapoibuka, tunatishwa kwa hoja ileile: tukipandisha mishahara, viwanda vya nguo vitaikimbia Dar es Salaam na kufuata nguvukazi ya bei chee nchi nyingine. Hoja hiyo inasahau kwamba mnunuzi wa Ulaya au Marekani analipia shati, na bei ya shati haisomwi kwenye karatasi ya mishahara peke yake.

Tupige hesabu. Mstari wa kushona, yaani safu ya mafundi wanaopokezana shati kituo hadi kituo, una mafundi 40, kila mmoja analipwa Sh200,000. Ukiongeza michango ya mwajiri, tuseme anagharimu Sh228,000 kwa mwezi wa siku 22. Mstari ukitoa mashati 400 kwa siku, kazi ya kushona shati moja ni Sh1,036. Sasa mpandishie fundi hadi Sh260,000, gharama yake ifike Sh296,400, lakini mstari utoe mashati 700. Shati linashuka hadi Sh770.

Hayo mashati 300 yanapotelea wapi? Mara nyingi kwenye kola. Siku ya saa tisa ikitakiwa kutoa mashati 700, kila kituo kina sekunde 46 tu. Kama anayeunganisha kola yuko peke yake na anatumia sekunde 81, mstari mzima utatoa 400, hata wenzake wawe na mikono myepesi namna gani. Nyuma yake mafungu yanarundikana. Mbele yake watu wa kafu (ncha za mikono ya shati) na vifungo wamekaa. Msimamizi mwenye saa mkononi anaibaini kasoro hiyo asubuhi moja, akaweka fundi wa pili pale. Sindano butu na umeme wa kukatika navyo vinakula muda, ila vinaonekana kwa macho. Kola haionekani mpaka uipime.

Na fundi wa kola hapatikani getini. Anahitaji miezi kukomaa, ndiyo maana mshahara wa kubana unamgeukia mwajiri. Huko Hawassa, Ethiopia, mwaka 2019 mshahara wa kuanzia ulikuwa takriban dola 26 kwa mwezi. Chumba na chakula viliumaliza, mafundi wakaondoka kwa wingi, viwanda vikawa vinafundisha mafundi wapya kila kukicha. Bangladesh, yenye kima cha chini cha taka (sarafu yake) 12,500 tangu Desemba 2023, zaidi ya dola 100, bado ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nguo duniani.

Kwa hiyo waajiri wanapokwenda kwenye bodi ya mishahara, waende pia na daftari la uzalishaji: mashati mangapi kwa siku, cherehani zilisimama dakika ngapi na kwa nini, mafundi wangapi wameacha kazi mwaka huo. Vyama vya wafanyakazi viwe na haki ya kulisoma daftari hilo kabla ya kuambiwa nyongeza haiwezekani.

Mdau wa viwanda vya nguo,
Ubungo, Dar es Salaam