Maji yalipomwagika: barua kwa binti yangu anayesomea tamthiliya

Kihesa, Iringa
Jumapili jioni

Mwanangu Twilumba,

Kamwene. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imetuandama. Mama yako haondoki jikoni siku hizi. Anasema anapika, lakini wote tunajua anafuata moto.

Uhakiki wako wa onyesho la Kinjeketile nimeusoma. Kaka yako aliufungua kwenye simu, nikaona maandishi kama mchwa, nikamtuma steshenari auchapishe. Kurasa sita. Nimezisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu nyekundu. Unisamehe, mwalimu hastaafu mkono.

Kabla sijasema juu ya kalamu, nikiri jambo. Unajua nilitaka usome sheria. Ulipokwenda huko, watu wa jumuiya wakiniuliza binti anasomea nini, nilikuwa najibu "mambo ya lugha" na kugeuza mazungumzo. Siku moja mzee mmoja akanibana, nikatamka dramaturgia. Akafurahi sana. "Madawa! Safi, tutapata mfamasia wetu." Sikumsahihisha. Mpaka leo akikohoa ananiuliza utamaliza lini.

Aibu ile iliisha ulipokuja likizo ukanieleza pale uani, huku tunachambua maharage, kwamba husomei kuigiza. Ulisema kuna mtu anayekaa kati ya andiko na jukwaa. Anasoma muswada kabla ya wengine, anachimba historia yake, anakata maneno yaliyozidi, na anamuuliza mwongozaji: huyu anaingia hapa kwa nini, na kwa nini sasa? Nilinyamaza, ukadhani sijaelewa. Kumbe nilikuwa namkumbuka mtu. Nilishakutana naye, na hakuwa amekanyaga chuo.

Nilikuwa mwalimu kijana, nafundisha historia shule moja ya kijijini, upande wa Kalenga. Kwa ajili ya kufunga shule nikaandika mchezo wa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Nilijua tarehe zangu zote: Lugalo alikowashinda Wajerumani, Agosti 1891, ngome ya Kalenga kuvunjwa kwa mizinga ya Wajerumani, Oktoba 1894, halafu miaka karibu minne ya kuwindwa porini, hadi alipojipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe hai. Onyesho la mwisho ndilo nililolipenda kuliko yote. Nilimpa Mkwawa hotuba ya ukurasa mzima na nusu. Alisema juu ya uhuru, umoja wa Afrika, nadhani na kilimo cha kufa na kupona nilikichomeka humo.

Tulifanya mazoezi uwanjani, chini ya mti, na wanakijiji walikuwa wakisimama kutazama. Siku hiyo kijana wa darasa la saba ameshika gobori la mti, anahutubia kwa sauti ya kupasua koo. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea baiskeli akainua mkono. "Mwalimu, samahani. Huyu anaongea na nani?"

Nikamwambia anaongea na taifa. Akatikisa kichwa. "Anaumwa, watu wake wamekwisha, Wajerumani wako nyuma yake. Mtu anayewindwa hapigi kelele."

Watoto walicheka. Mimi nilikasirika kiasi cha kufuta mazoezi siku hiyo. Usiku, kwenye kibatari, nikaanza kukata. Nilikata mstari mmoja, kisha mitano, mwisho nikaifuta hotuba yote. Siku ya kufunga shule kijana alikaa tu karibu na moto, akautazama, kisha akausukumia mchanga kwa mguu mpaka ukazima. Ngoma ikalia mara moja nyuma ya darasa. Basi. Akina mama waliokaa mbele walivuta khanga vichwani, na hakuna aliyewaambia.

Mzee yule hakuniambia nimepotosha historia. Hakusema mchezo wangu ni dhaifu. Aliuliza swali moja kuhusu kitu alichokuwa anakiona. Ndiyo maana nimekuandikia.

Sasa kalamu nyekundu. Umeandika juu ya onyesho la Kinjeketile mlilolitazama na wenzako. Ukurasa wa kwanza: "onyesho halikukidhi matarajio." Matarajio ya nani? Ukurasa wa pili: "mapungufu ya kimaudhui na kifani." Ukurasa wa tatu unamlaumu Ebrahim Hussein kwamba Kinjeketile wake si yule wa Ngarambe, mganga wa vita vya Maji Maji aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, akanyongwa mwaka 1905. Mwanangu, mwandishi mwenyewe alishasema hivyo alipochapisha mchezo wake mwaka 1969: mtu wake ni wa kubuni. Huwezi kumshtaki mtu kwa jambo alilokwisha kulikiri mlangoni. Swali lililobaki ni zito zaidi: amebadilisha nini, na kwa kubadilisha amepata nini? Yule wa jukwaani anayaonea shaka maji yake mwenyewe wakati watu wake wameshayaamini. Mwishoni anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Hapo ndipo ulitakiwa kukaa, ukapapita kwa mistari miwili.

Nikakaribia kukata tamaa. Ndipo nikafika ukurasa wa tano, katikati, nikakuta sentensi moja umeitupa kama ganda la ndizi: kwamba maji yalimwagika jukwaani, mwigizaji akaendelea kana kwamba hakuna kitu, na watu wa nyuma wakacheka.

Twilumba! Huo ndio uhakiki wako. Ungeanzia hapo. Mchezo mzima unasimama juu ya maji. Watu wanakwenda kufa mbele ya risasi kwa sababu ya maji. Halafu maji yanamwagika na hakuna aliyeshtuka. Kama ilikuwa ajali, kwa nini mwigizaji hakuitumia? Kama ilipangwa, kwa nini kicheko? Yalikuwa kwenye kibuyu, chungu, au ndoo ya plastiki? Nimesoma kurasa sita na bado siyaoni hayo maji. Nakuona wewe tu, umevaa miwani ya kitaaluma.

Umeniambia msichana aliyecheza mle hakusalimii tena bwenini. Pole. Lakini wewe ndiye uliyenisimulia habari za Lessing, yule Mjerumani aliyeajiriwa na jumba la maonyesho Hamburg mwaka 1767 awe mhakiki wao wa ndani: waigizaji walinuna, akaacha kabisa kuwazungumzia, akabaki na maandiko. Wewe ulimwona ana busara. Mimi naona alipoteza nusu ya kazi. Mwigizaji huyo ungemwambia hasa mkono wake ulifanya nini, pengine angenuna siku mbili badala ya mwezi. Anayeambiwa "ulikuwa dhaifu" hana pa kushika.

Kuhusu kazi ya mwaka wa mwisho, umeniomba wazo. Ninalo, ingawa utaliona la kizee. Nenda Kalenga ukasimame mbele ya lile fuvu la Mkwawa. Baada ya vita kuu ya kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi. Mataifa yamekaa kugawana dunia, wakaandika na kichwa cha Mtwa, mtawala wetu. Lilirudi mwaka 1954 tu, gavana Twining wa Tanganyika alipolichagua kati ya mafuvu ya jumba la makumbusho la Bremen, baada ya kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu zake Mkwawa waliokuwa hai. Fikiria onyesho hilo: walio hai wamekaa mstari, wanapimwa vichwa ili atambuliwe aliyekufa. Nani anashika kipimo? Nani anacheka kidogo kwa woga? Fuvu lenyewe mimi nisingelileta jukwaani kamwe. Ningeacha watu walione machoni pa waigizaji. Najua utabisha. Bisha, lakini nieleze.

Habari ya ajira sitakuficha, bado inanikosesha usingizi. Gazeti ninalonunua lina mpira mbele na nyuma, na maonyesho hayamo hata kwenye kona. Ila sitakurudisha tena kwenye sheria, hilo limekwisha.

Mzigo nimeupakia kwenye basi la kesho asubuhi: maharage, unga, njegere kidogo, na sweta. Sweta ni ya mama yako, anasema Dar nako usiku kuna upepo. Usimbishie. Konda atakupigia.

Na ukipiga kushukuru, nijibu jambo moja kwanza, maana tangu juzi linanizunguka: maji yalipomwagika, yule mwigizaji aliangalia chini, au hakuangalia?

Baba yako