Njia ya baiskeli isiishie mtaroni

Nyalenda,
Kisumu.

Kwako Mwalimu,

Pokea salamu zangu na za mama watoto. Barua yako ilinifikia salama na nimeisoma mara mbili, kwa sababu sikutarajia kwamba wewe ungejiunga na wanaosema kuwa njia za baiskeli mnazobishania hapo Nakuru ni fedha za umma zinazotupwa. Je, umesahau kwamba ada ya chuo cha ualimu uliipata kwa kukanyaga pedeli? Bado nauona ule mto wa sponji ulioushonea ngozi nyekundu na kuufunga kwenye keria ili abiria wako wasiumie, na jinsi ulivyokuwa ukiupangusa kwa kiganja kabla mtu hajaketi.

Unasema nijionee mwenyewe hapa Kisumu, kwamba njia zipo ila waendeshaji hawapo. Nami nakuuliza ulipita saa ngapi na ulipita wapi. Ulipokuja kwenye matanga ulikuwa katikati ya jiji saa saba mchana, mahali palipotengenezwa vizuri kabla ya Africités, ule mkutano wa miji ya Afrika wa Mei 2022, na kwa jua lile hata mimi nisingetoka na baiskeli. Usimame Nyamasaria saa kumi na mbili asubuhi. Utawaona walinzi wa usiku wakirudi makwao na makoti yao mazito, mafundi wa mawe waliofunga karai na mwiko kwenye keria, wauza maji wenye mitungi iliyobanwa kwa mpira wa tyubu, na vijana wanaokimbiza sukumawiki sokoni Kibuye kabla haijanyauka. Hao ndio wenye baiskeli, Mwalimu, na hawaishi kwenye barabara zinazopendezeshwa wageni wanapotarajiwa. Njia ikijengwa mahali ambapo waendeshaji hawapiti, itakuwa tupu, na utupu huo hauthibitishi kwamba baiskeli haitakiwi.

Nitakueleza lililonipata mwezi wa tatu, maana ndilo lililonifanya nishikilie msimamo huu. Nilikuwa natoka kusaga mahindi, nimefunga debe mbili za unga kwenye gunia, nikiifuata njia ya baiskeli bila wasiwasi wowote. Ghafla njia ikakatika mbele ya mtaro ambao slabu yake ya zege ilikuwa imeng'olewa. Hapakuwa na pa kupita isipokuwa barabarani, na nilipoingia tu, kioo cha matatu kikanipiga begani. Nilianguka upande wa nje, nikachubuka kiwiko, namshukuru Mungu halikuwa jambo kubwa zaidi. Gunia lilipasuka, na magari yakaukanyaga ule unga mpaka ukafanana na vumbi la barabara. Nyuma yangu alikuwa kijana mchuuzi wa mikate. Alishuka, akashika baiskeli kwa mkono mmoja chini ya kiti na mwingine kwenye usukani, akainyanyua pamoja na kreti yake, akaruka mtaro, akaiweka chini upande wa pili na kuendelea na safari. Hakuutazama hata huo mtaro. Mguu wake ulijua pa kukanyaga, na hapo nikaelewa kwamba hivyo ndivyo anavyofanya kila siku.

Kwa hiyo sikubishii kwamba njia nyingi zimejengwa vibaya. Mstari wa rangi uliopigwa juu ya lami, bila ukingo wa kuzuia magari, mimi nauona ni hatari kuliko kukosa njia kabisa, kwa sababu unampa mtoto wa shule imani ambayo dereva wa tuktuk hana habari nayo. Njia pana isiyo na nguzo fupi mlangoni hugeuka kuwa ya pikipiki wiki hiyo hiyo, na kufikia mwisho wa mwezi ni maegesho. Kuhusu wachuuzi wanaotandaza bidhaa zao hapo, naomba usiwalaumu upesi. Wao hufuata miguu ya wateja, na anayepanga barabara bila kuwatengea nafasi ya meza zao ameshajua njia hiyo itazibwa.

Lile la kwamba baiskeli ni mambo ya Wazungu limenisikitisha zaidi. Neno bodaboda lilizaliwa huku kwetu magharibi, mpakani Busia, na lilizaliwa juu ya baiskeli, zamani sana kabla ya pikipiki kujaa. Nao Waholanzi unaowataja hawakuumbwa wakiwa juu ya baiskeli. Katika mwaka 1971 pekee watoto zaidi ya 400 waliuawa barabarani nchini mwao, na wazazi wakaingia mitaani kudai mauaji hayo yakome. Njia wanazosifiwa leo zilitokana kwa sehemu kubwa na kilio hicho. Sisi hapa Kenya tumekuwa tukizika watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka kutokana na ajali za barabarani, na kundi kubwa kati yao ni watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Mtu mwenye gari ana bati la kumkinga. Mwenye baiskeli na mwenda kwa miguu wana ngozi tu, na ndiyo maana siwezi kukubali kwamba futi chache za kando ya barabara ni anasa.

Ukienda kwenye kikao chenu cha hapo Nakuru kuhusu njia hizo, usipoteze muda kuuliza kama njia zijengwe au zisijengwe. Dai wakuonyeshe kwenye ramani jinsi mwendesha baiskeli atakavyovuka kila makutano, kila kituo cha matatu na kila mtaro, kutoka mtaani anakolala hadi anakofanya kazi. Uliza pia slabu ikiibwa itarudishwa na nani. Wakishindwa kujibu hayo, pinga mpango wao, nami nitakuunga mkono.

Shule zikifungwa njoo ulale kwangu. Ile baiskeli ya mama watoto ina breki mpya na nitaijaza upepo jioni. Tutatoka gizani, tupitie Nyamasaria, nikuonyeshe ule mtaro.

Wasalimu watoto na shemeji.

Ni mimi rafikiyo wa tangu siku za keria,
Nyalenda.