Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Saa 72 za Aliyebakwa

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita katika zamu za usiku. Nakuandikia kuhusu ubakaji. Jinai yake ina polisi na mahakama. Majeraha yake ni ya wizara yako.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kuwa takriban wanawake vijana 3 kati ya 10, na wanaume vijana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Maradhi yenye ukubwa huo yangekuwa na dawa katika kila zahanati.

Aliyebakwa hufika kwetu na hatari nyingi kwa pamoja: VVU, mimba, homa ya ini, kaswende, kisonono, na hofu itakayomnyima usingizi kwa miezi. Dawa za kumkinga na VVU ni lazima zianze ndani ya saa 72, ziendelee kwa siku 28, na kila saa inayopita kabla ya kumeza kidonge cha kwanza hupunguza uwezo wake. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina ukomo wa siku 5. Saa hizo huanza kuhesabika pale alipobakwa, hata kama sisi tunaanza kuzihesabu anapofika mapokezi.

Nyingi huishia njiani. Anafika zahanati, anaulizwa PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, anageuzwa kwenda polisi. Akirudi na fomu anapewa rufaa ya hospitali ya wilaya kwa kuwa dawa za kinga hazipo, ilhali zahanati nyingi huwapa wajawazito wenye VVU dawa za aina ileile. Namkumbuka msichana aliyeletwa na shangazi yake siku ya nne. Fomu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga, mihuri yote ipo. Dawa ya kumkinga hatukumpa, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha.

Siidharau PF3. Lakini daktari anaweza kumpima, kuandika alichokiona na kuhifadhi vielelezo, fomu ikafuata baadaye. Jirani zetu wa Kenya wanayo fomu maalumu ya huduma baada ya kubakwa, nayo hujazwa na mtoa huduma wa afya. Mahakama yetu ya Rufani nayo imekwisha kutamka kuwa ushahidi ulio bora wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe.

Vituo vya mkono kwa mkono, ambako aliyefanyiwa ukatili hupata tiba, polisi na ushauri mahali pamoja, ni kazi njema, nami nimeona watu wakipona humo, ila viko mbali mno na vijiji vingi.

Naomba utoe waraka unaosema wazi kwamba aliyebakwa atibiwe kwanza, bila malipo na bila kudaiwa PF3, na kwamba kila zahanati iwe na dozi ya kuanzia ambayo muuguzi wa zamu anaweza kuifikia hata saa nane za usiku. Waraka huo uwataje na wavulana, ambao mara nyingi huletwa kwetu kwa kisingizio cha ugonjwa mwingine, na wengine hawaletwi kabisa.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu,
Tanga.